Sauti ya Bi Mize na Kompyuta Isiyo na Chama

Habari ya kufa kwa Injinia Talib ilinifikia nikiwa napeta mchele, na kitu cha kwanza nilichokifanya, Mola anisamehe, ni kucheka. Sikukicheka kifo. Nilicheka maneno yaliyokuja nyuma yake, kwamba Pemba imepotewa na sikio lake. Sikio! Mtu aliyekuwa hasikii pancha ya vespa yake mwenyewe mpaka aambiwe na wapita njia, leo anaitwa sikio la kisiwa kizima. Kwenye khitma yake Chake Chake nilikaa ndani na wanawake wenzangu, sinia za biriani zikipita juu ya vichwa vyetu, na sauti ya msemaji ikitujia kutoka uani. Alisema marehemu ndiye aliyetuletea studio ya kompyuta, ndiye aliyewafunza vijana kurekodi, na kwamba kasida zetu zingepotea lau si yeye. Mama mmoja akanipiga kikumbo: "Weye si ulifanya kazi kwake? Hebu tuhadithie." Nikamwambia nina kikohozi. Najua maiti hutajwa kwa mema yake, basi mema ya Talib nayataja hapa mwanzo nimalizane nayo: kanzu yake ilikuwa safi siku zote, na hakuwa mchoyo wa soda. Yaliyobaki ni haya ninayoyaandika.

Habari za nyumbani kwetu siziweki, hazimhusu mtu. Itoshe kwamba nilikuwa msichana, nimerudi kutoka Unguja kusoma kompyuta, na mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi. Vyama vingi vilishazoeleka kwa jina, lakini kwa tabia tulikuwa bado tunavila kama watoto wanavyokula maembe mabichi, mpaka matumbo yanatuuma. Vyama vyenyewe sivitaji, havikunifaa kitu. Studio ya Talib ilikuwa chumba kimoja cha juu, nyuma ya maduka ya vitambaa. Kuta alizibandika trei za mayai kutoka sakafuni mpaka darini, na kwa kuwa hakuzisafisha vizuri, tulikuwa tukirekodi kumsifu Mtume ndani ya harufu ya viza na udi. Dirisha aliliziba kwa godoro. Kiyoyozi kilikuwepo, kikitoa maji, si baridi. Na chini yetu hasa palikuwa na mashine ya kusaga nafaka ambayo godoro halikuiweza. Ikianza kunguruma, ngurumo yake inaingia kwenye maiki kabla ya sauti ya mwimbaji.

Dawa ya Talib kwa ngurumo hiyo, na kwa kila ugonjwa mwengine duniani, ilikuwa plagini. Hivi ni viprogramu vidogo unavyovichomeka kwenye sauti ndani ya programu kubwa ya kurekodia: kimoja kinafuta kelele, kimoja kinanyoosha sauti iliyopinda, kimoja kinatia mwangwi mpaka ukadhani mtu anaimbia kisimani. Alikuwa nazo tele, za kunakili, alizoletewa na jamaa zake kwenye sidii zilizoandikwa kwa kalamu ya wino. Hakuijua hata moja inafanya kazi vipi. Alizijua kwa rangi. "Nitilie ile ya buluu, Zuwena," ananiambia, huku ameegemea kiti kama rubani. Kumchezea mteja sauti yake tupu, bila plagini, kwake yeye ilikuwa aibu kama kumtoa mtu njiani hana nguo. Nilimdharau tangu wiki ya mwanzo, na sikuwahi kupata sababu ya kuacha.

Mwaka huo wakaja akina mama wa kasida kutoka Kengeja. Nilikuwa nimezoea vijana wa kujipaka mafuta wanaotaka kuimba mapenzi. Hawa waliingia na mabuibui yao yananuka moshi wa kuni na asumini, wakavua viatu mlangoni, wakaweka chini sinia la muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, na chumba kikawa chumba cha watu. Kiongozi wao alikuwa Bi Mize, mwembamba, mrefu, mkavu wa maneno. Yeye ndiye anayeanza ubeti. Ubavuni mwake alikaa Bi Raya, mke wa sheha, mtu wa serikali pale kijijini, mnene mwenye kicheko cha tumboni, na kazi yake ilikuwa kuudaka ubeti pale Bi Mize anapouachia na kuumalizia, ndipo kundi zima liitikie na dufu zipande. Walifanya hivyo tangu wasichana, madrasa moja, kungwi mmoja. Hawakuangaliana wakiimba. Bi Mize alikuwa akivuta pumzi tu, na Bi Raya keshajua. Sijawahi kuona watu wawili wakiaminiana kiasi kile, na nimeolewa mara mbili.

Chumba hakikuwatosha wote, na maiki nzuri ilikuwa moja. Kwa hiyo Talib akawarekodi kwa zamu, wenye dufu, halafu waitikiaji, halafu Bi Raya, kila sauti kwenye traki yake, yaani njia yake peke yake ndani ya kompyuta, Bi Mize akiwaongoza kwa sauti ya chini pembeni. Kisha wote wakatolewa nje, akabaki Bi Mize peke yake, hedifoni masikioni, arekodi sehemu yake juu ya ile ya wenzake. Mashine ya chini ikanguruma. Talib akachomeka plagini ya kufuta kelele kwenye traki ya Bi Mize, na tulipocheza vyote pamoja, Bi Mize alikuwa nyuma. Si nyuma sana. Kama mtu anayefika mlangoni pale mwenziwe anapoufunga. Bi Raya anadaka ubeti, na Bi Mize hajauachia bado; sauti zao zikagongana kama vifuniko vya masufuria. Wale akina mama wakatazamana. Talib akasema, "Mama, harakisha kidogo." Bi Mize akaharakisha. Talib, ili kumpendezesha, akaongeza plagini ya pili, ile ya buluu, na Bi Mize akawa nyuma zaidi. "Harakisha tena, mama." Akaimba kama anayefukuzwa. Injinia akaongeza ya tatu. Yaani kila mama wa watu akikimbia, yeye anamfunga jiwe jengine mguuni, na kumwona hajitahidi.

Sikiliza sasa ujinga ulivyozaliwa, maana niliushuhudia kwa macho yangu. Waliporudi wiki ya pili kusikiliza, mmoja wao akamuuliza Talib kwa adabu: "Injinia, kwani hili tatizo ni la nini?" Mtu mzima mwenye akili angesema sijui. Sijui ni neno dogo, halimvunji mtu mbavu. Talib alijikohoza, akapangusa kioo cha kompyuta kwa mkono wa kanzu, akasema: "Kompyuta haidanganyi, mama zangu. Kompyuta haina chama. Huyu anachelewa." Akakaa. Hakujua amesema nini. Nilimwona Bi Raya akishusha macho. Mwanamke mmoja mfupi, mwenye domo la kuuzia samaki, akasema: "Mbona kwenye mikutano ya chama chao hachelewi?"

Basi ikawa imetoka. Kasida ile ilitakiwa ipigwe Kengeja siku ya kumpokea mgeni mkubwa wa serikali, na mipango yote ilikuwa mikononi mwa sheha, mume wa Bi Raya. Bi Mize alikuwa wa chama cha pili, kile cha upinzani, kama nusu ya kundi na zaidi ya nusu ya kijiji. Mpaka siku ile, ndani ya kundi hapakuwa na aliyejali. Kasida ni ya Mtume, na Mtume hana kadi. Lakini mwaka ule ulikuwa umewatia watu wazimu. Watu walikuwa wanasusiana maduka. Wanasusiana maziko, subhanallah, maiti analala ndani jirani anapita kama haoni. Wapo walioacha msikiti waliosalia maisha yao yote wakenda kuswali mbali, wasije wakasimama bega kwa bega na kadi isiyokuwa yao. Watu namna hiyo ukiwaambia kuna mwanamke anachelewa kwa makusudi kuiharibu sherehe ya wenziwe, hawaulizi ushahidi. Wanashukuru.

Nilishuka kununua bajia siku ileile, na barazani kwa muuza kahawa wazee wawili walikuwa wanalijadili jambo hilo kama waliokuwemo studio. "Wamemtuma," mmoja anasema. "Amesomeshwa hasa kuchelewa." Mwenziwe akauliza, kwani kuchelewa kunasomwa? "Yakhe, hawa wanasomesha kila kitu!" Nilitaka kuwamwagia kahawa. Na waliporudi akina mama kwa mara ya tatu, masinia yalikuwa mawili. Moja kulia, moja kushoto, muhogo uleule wa shamba lilelile. Bi Raya alikaa katikati hajui anyooshe mkono wapi, halafu akaunyoosha kwa sinia la wale wa chama cha mumewe. Bi Mize hakula. Akarekodi tena, akawa nyuma tena, na yule mwenye domo akacheka. Bi Mize akavua hedifoni, akaziweka juu ya meza taratibu, akamwambia Bi Raya peke yake, kana kwamba sisi wengine hatupo: "Raya, mie nachelewa?" Bi Raya akasema, "Mimi nasikia kama wanavyosikia wao." Bi Mize akavaa viatu vyake akaondoka. Kundi likaamua sauti yake itolewe, na Bi Raya aimbe peke yake mwanzo na mwisho.

Hapo ndipo hasira iliponifanya fundi. Mpaka wakati ule nilikuwa nachomeka nilichoambiwa na kufunga kinywa. Ijumaa, Talib alipokwenda kuswali na mashine ya chini imenyamaza, nikakaa kwenye kiti chake. Kwanza niliicheza traki ya Bi Mize tupu, juu ya dufu, bila plagini hata moja. Ilikaa kama mguu ndani ya kiatu. Ile ya mwanzo kabisa, kabla hajaanza kukimbizwa, haikuwa na hitilafu hata ya unywele. Nikataka ushahidi usio na sauti ya mtu wala chama cha mtu, kwa hiyo nikapiga kofi moja mbele ya maiki, nikalinakili likae kwenye traki mbili, na nikayacheza pamoja. Likasikika kofi moja. Nikachomeka ile ya kufuta kelele kwenye traki moja tu. Pa-pa, makofi mawili. Nikaongeza ya buluu, pengo likapanuka. Nikazichomoa zote, likarudi kofi moja. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka trei za mayai zikanihurumia.

Jambo lenyewe halikuwa na uchawi. Plagini ile, ili ijue kipi ni kelele na kipi ni sauti, hukusanya kipande cha sauti kwanza ikakisoma, ndipo ikakiachia. Wakati inasoma, traki nyengine zishakwenda zao. Programu za siku hizi zenyewe huzisubirisha traki zote wala hujui. Yetu ile haikuwa na adabu hiyo. Nikairudisha sauti ya kwanza ya Bi Mize, nikaacha plagini zake palepale maana ngurumo ya mashine ilikuwa bado inahitaji kufutwa, halafu nikachomeka zilezile kwenye dufu, kwenye waitikiaji, kwenye sauti ya Bi Raya, nikazipunguza makali zisibadilishe chochote, zibaki kuchelewesha tu. Sasa wote wakawa wanachelewa sawasawa, na wanaochelewa sawasawa hawana wa kumnyooshea kidole. Bi Mize akauachia ubeti, Bi Raya akaudaka. Nywele zilinisimama.

Talib aliporudi nikamchezea makofi yangu. Akasikiliza, akatikisa kichwa polepole, akasema, "Nilikuwa najua. Nilitaka uone mwenyewe, ndiyo kujifunza." Wallahi hivyo ndivyo alivyosema, na huyu ndiye mwalimu aliyesifiwa kwenye khitma. Nikamwambia basi aende Kengeja akawaambie akina mama. Akasema mambo ya siasa yeye hayaingilii.

Nikaenda mwenyewe, na kinanda changu kidogo cha kuchezea sidii ndani ya mkoba. Nilianzia kwa sheha. Bi Raya alinipokea jikoni, anatwanga, mumewe yuko barazani na wageni wake. Nikampa makofi, moja, halafu mawili, halafu moja, nikamweleza kwa kituo. Kisha nikampigia kasida. Mchi ulibaki mkononi hewani mpaka ubeti wa mwisho. "Kwa hiyo hakufanya," akasema. Nikamwambia hakufanya, hajapatapo kufanya. Akalia, akajifuta kwa kanga, halafu akachungulia upande wa barazani. Ndipo akaniambia lile lililoniudhi mpaka leo: "Mwambie aje hapa mbele ya wenzetu aseme kwa kinywa chake kuwa hakukusudia. Mie n'tampokea. Lakini mimi kwenda kwake siwezi, unaijua hali." Hali! Nyumba zao zilipakana migomba. Mtu anayejua kosa si la mwenziwe, na bado anataka mwenziwe ndiye atembee.

Kwa Bi Mize nilitegemea kukuta nyumba iliyosuswa. Nilikuta uwanja umejaa. Wanawake wanakuna nazi, wanakata ndizi mbichi, mtu kaleta ngisi wa Kisiwa Panza ndoo nzima, vijana wanafunga turubai, maana binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa. Na kila anayeingia anampa Bi Mize mkono kwa namna ya kumkaza vidole, anamwambia, "Umewakomesha, dada! Umewachelewesha mpaka mgeni wao atasinzia!" Na Bi Mize anatabasamu. Nikamwamkia, akanivuta ndani chumbani, akafunga mlango. Nikamwambia yote. Makofi nikamchezea, akayasikiliza bila ya kushangaa. Yeye alikuwa hana haja ya makofi. Kasida ilipoanza akakaa kitandani, akafumba macho, na midomo yake ikawa inakwenda na Bi Raya, si na yeye mwenyewe.

"Zima," akasema. "Zima kabla hawajaingia."

"Bi Mize, hii ndiyo ya kukusafishia jina. Wakisikia—"

"Wakisikia hawa wa nje, mwanangu, mie n'takuwa nani? Mwaka mzima walikuwa hawanipi salamu kwa sababu naimba na mke wa sheha. Nimekataa, nimeapa kuwa sikukusudia, wakaniona ntu mjanja. Nikaona basi. Leo wapo hapa wananikatia ndizi. Ntoto wangu anaozwa na watu."

Nilimwambia ni upuuzi mtupu, watu wanamsifu kwa uovu ambao hakuufanya, na wengine wanamtukana kwa uovu uleule. Akacheka. "Sasa weye ndio unajua leo?" Nikamweleza alichosema Bi Raya, kwamba aende akaseme hakukusudia, naye atampokea. Uso wake ukabadilika. Akaondoka kitandani, akanyoosha shuka aliyoikalia.

"Raya anataka ushahidi," akasema. "Kanisikia tangu tuko wasichana na vibwebwe viunoni. Kanisikia nina homa, nina mimba, nimefiwa na mume. Muulize yeye mwenyewe: lini nilichelewa?"

Bi Raya alikuwa ananisubiri nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ili mumewe asituone. "Kasemaje?" Sikutia wala sikupunguza. Nikamwambia, anauliza lini alichelewa. Bi Raya akashika gome la mgomba akawa analichana nyuzinyuzi.  Nikamngoja, kwa sababu nilikuwa namdharau na nilitaka ajibu. Mwishowe akasema, "Mwambie Talib, kama kamtoa Mize, na mimi anitoe."

Talib hakuuliza kwa nini. Siku zilikuwa zimekwisha na sheha alikuwa anamsukuma. Akazifuta sauti za Bi Mize na Bi Raya zote mbili, akatia mwangwi kwenye kilichobaki, akasema ndio mtindo mpya. Na hiyo ndiyo iliyopigwa Kengeja kwa spika kubwa siku ya mgeni: dufu zinapanda, kundi linaitikia, linanyamaza, dufu zinakwenda patupu, kundi linaitikia tena. Hakuna aliyeanza ubeti. Nilisimama nyuma karibu na spika nikiwatazama watu, nikingoja hata mmoja akunje uso aulize wanamwitikia nani. Walitikisa vichwa, safu kwa safu, na mgeni akapiga makofi.